Mzazi Amwambie Nini Mtoto Wake Juu ya Dunia?

Yako maswali ambayo mwalimu huulizwa darasani akayajibu mara moja, kwa kuwa jibu lake limeandikwa kitabuni. Yako na mengine ambayo huulizwa na mtoto wake mwenyewe nyumbani, jioni, naye mtoto ameketi karibu na moto akingoja chakula. Na jibu la maswali hayo halimo katika kitabu cho chote alichosomea chuoni. Swali ninalotaka kulitazama leo ni la namna hii ya pili. Je, mzazi aijuaye dunia jinsi ilivyo, amwambie mtoto kiasi gani? Akimwambia yote, labda atamvunja moyo kabla hajaanza safari. Akimficha, atakuwa mwongo, na siku moja mtoto atamtambua.

Tena nataka kulitazama kwa njia moja tu, nayo ni njia ya ushairi. Najua wako wasemao ya kuwa mashairi ni mchezo wa vijana na pambo la arusi. Nawaomba wanivumilie kidogo. Nimeona ya kuwa wazazi wengi wa nchi zetu, walipofika mahali ambapo maneno ya kila siku hayakuwatosha, waliimba au walitunga. Nami nimependa kujua kwa nini.

Yanipasa kwanza niungame habari yangu mwenyewe, maana mtu asiyetaja kosa lake hana haki ya kuwafundisha wengine juu ya ukweli.

Mwaka 1994 nalikuwa nikifundisha karibu na Rusumo, katika wilaya ya Ngara. Wasomaji walio vijana hawakuwa wamezaliwa, basi nitaeleza kwa ufupi. Mauaji ya Rwanda yalianza usiku wa tarehe 6 kuamkia tarehe 7 Aprili mwaka ule. Mto Kagera, upokeao maji ya Ruvuvu karibu na maporomoko ya Rusumo, ndio mpaka wetu na nchi ile. Kabla mwezi haujakwisha, mto ulikuwa ukichukua maiti. Zilipita maporomokoni, zikashuka na maji hata Ziwa Viktoria, na huko Uganda, upande wa Rakai, watu waliziopoa na kuzizika kwa maelfu. Kwa muda mrefu wengi waliogopa kula samaki. Halafu tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia kwetu kwa muda wa saa 24 hivi. Hesabu hiyo ni rahisi kuiandika. Walioiona njia ile imejaa vichwa vya watu, magodoro, mbuzi, baiskeli na watoto waliofungwa migongoni, tangu darajani hata Benako, hao ndio wajuao maana yake.

Siku moja kabla ya umati ule kuvuka, nalikuwa nikitembea na binti yangu mkubwa. Alikuwa na miaka saba. Tulifika mahali ambapo mto waonekana kwa chini, akasimama akatazama, akaniuliza, “Baba, vile ni nini?” Nikamjibu, “Ni magogo, mwanangu. Mvua imenyesha sana juu huko, mto umeng’oa miti.” Nikamshika mkono tukaenda zetu. Hakuuliza tena, nami nikamshukuru Mungu ya kuwa hakuuliza.

Baada ya siku mbili tatu nikamsikia akisema na mdogo wake nyuma ya nyumba. Yule mdogo alikuwa amesikia maneno kwa watoto wenzake, naye alikuwa akilia. Binti yangu akamwambia, “Nyamaza. Ni magogo. Baba amesema ni magogo. Usimwulize tena, utamhuzunisha.” Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu mzima. Hapo nikafahamu ya kuwa tangu mwanzo alijua. Hakunyamaza kwa sababu ya kuniamini. Alinyamaza ili anisitiri. Mtoto wa miaka saba alikuwa amechukua uwongo wangu akaubeba kichwani pake, kama wabebavyo kuni, ili mimi nisione haya.

Sikupata usingizi usiku ule. Wahenga walisema ya kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii twaitumia sana tukimwonya mtoto mkaidi, wala hatufikiri ya kuwa yamwonya na mzazi pia. Maana mzazi akikataa kufundisha, somo halikosi mwalimu. Ulimwengu u tayari, na ulimwengu hauna huruma katika kufundisha kwake.

Lakini nifanyeje? Nimwite nimweleze habari za mapanga? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alisema mtoto hafai kuambiwa cho chote hata atimize miaka kumi na mitano. Mwingine alisema yafaa aambiwe yote, maana atayakuta. Wote wawili walikuwa na watoto, na wote wawili walikuwa watu wema. Nikaona ya kuwa kila mmoja ameshika nusu ya neno.

Basi nikakumbuka nyimbo za mama zetu. Sisi Wahangaza na Washubi, na ndugu zetu wa Burundi waziitao ibihozo, tunazo nyimbo za kubembelezea watoto; na makabila ya Biharamulo kadhalika, Wasubi na Wazinza, wanazo zao. Mtu asiyejua lugha akizisikia hudhani ya kuwa ni maneno matamu matupu, kwa sababu sauti yake ni tamu na mama amtikisa mtoto polepole. Lakini sikiliza maneno. Mara nyingi mama humweleza mtoto taabu zake: shamba lililo mbali, njaa, ukali wa mawifi, upweke wa mwanamke aliyeolewa katika nchi ya watu. Humwambia mtoto asiyejua neno hata moja yale asiyoweza kumwambia mama mkwe wala jirani. Hapo mama hadanganyi hata kidogo. Na mtoto je? Mtoto husikia sauti tu, na sauti yamwambia neno jingine: ya kuwa yuko mikononi mwa mtu, ya kuwa usiku huu atalala salama. Maneno yasema kweli ya dunia, na sauti yasema tumaini. Mambo hayo mawili hutoka katika kinywa kimoja kwa wakati mmoja, wala hayagombani. Kisha mtoto hukua, na siku moja, akiwa amempakata mtoto wake, huuimba wimbo ule ule. Ndipo kwa mara ya kwanza huyafahamu maneno. Huona ya kuwa mama yake hakumficha neno tangu siku ya kwanza. Alingoja tu.

Naona hii ndiyo hekima iliyo ya zamani kuliko vitabu vyote tulivyo navyo juu ya jambo hili. Walakini wimbo wa kubembeleza hufaa kwa mtoto mchanga. Wangu alikuwa na miaka saba, na masikio yake yalikuwa wazi. Basi nikarudi kwenye vitabu vyangu vichache, nikitafuta mzazi aliyepata kuwa mahali pangu.

Wa kwanza niliyemkuta alikuwa mbali nasi sana kwa nchi, kwa dini na kwa zamani. Ni Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, naye alishindana kwa silaha na Sayyid Said wa Unguja miaka mingi. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1858, Mwana Kupona naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zipatazo mia, na haukupita muda mrefu akafa. Binti alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba.

Utendi huo wajulikana sana, na wengi huusoma kama mafundisho ya mke kwa mumewe tu. Ni kweli, sehemu kubwa ni hiyo. Tena yamo maneno ambayo leo hatuwezi kuyakubali, kwa mfano jinsi atajavyo watumwa. Mimi nalipousoma nalitafuta jambo jingine: mama huyu aliyeona vita na kufiwa, amwambia nini mwanawe juu ya dunia?

Nalishangaa. Vita vya Siyu havisimulii. Binti alizaliwa na kukulia katika miaka ile ya vita, basi labda hakuhitaji kusimuliwa. Lakini neno lililo zito kuliko vita, mama hakulificha. Tangu mwanzo amwambia binti ya kuwa ni mgonjwa, ya kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, na ya kuwa hakupata nafasi ya kusema naye kama ipasavyo. Yaani amwambia: nakufa, na nimechelewa. Ni wazazi wangapi wawezao kusema maneno hayo mawili kwa mtoto? La kwanza ni gumu, na la pili labda ni gumu zaidi, kwa kuwa ni kuungama upungufu. Na baada ya kusema hivyo, halii. Aanza kumpa mtoto mambo ya kushika, moja baada ya moja, kama mtu afungaye masurufu ya safari: hili la kula njiani, hili la kujifunika usiku. Hapo ndipo nilipoliona tumaini lake. Hakusema, “Mwanangu, dunia ni njema, usiogope.” Lakini hakuna mtu afungaye masurufu kwa ajili ya msafiri anayejua ya kuwa hatafika.

Na liko jambo jingine dogo ambalo sikuliona mara ya kwanza. Mama amwita binti aketi karibu naye, aje na wino na karatasi. Kalamu yashikwa na mtoto. Nalivuka beti zile haraka, nikidhani ni desturi ya watunzi ya kufungulia utendi, baadaye nikazirudia.

Wa pili ni Shaaban Robert wa Tanga, ambaye wasomaji wengi wamjua kuliko nimjuavyo mimi. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, akafariki mwaka 1962. Huyu alikuwa baba, tena baba aliyefiwa na mkewe, Amina, aliyemwombolezea kwa shairi lijulikanalo na wengi. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili: binti alipata ule uitwao Hati, na mwana akapata ule uitwao Adili. Tenzi hizo zimo ndani ya Maisha Yangu, kitabu alichosimulia habari zake mwenyewe. Jambo hili lanipendeza. Katika jalada moja, baba asimulia kwa nathari dhiki alizozipata, misiba na taabu za kazi, wala hajipambi. Na katika jalada lilo hilo awapa watoto wasia wa kuishi. Mtoto afunguaye kitabu hawezi kupata wasia bila ya kupata dhiki, wala dhiki bila ya wasia. Tena, katika mwanzo wa Hati, baba huyu naye amketisha binti yake kitini ili aandike.

Basi hapa tuna wazazi wawili, mmoja wa Pate na mmoja wa Tanga, mmoja mama na mmoja baba, wamepishana karibu miaka mia, nao wote wawili wampa mtoto kalamu. Yawezekana Shaaban Robert aliifuata desturi ya watangulizi wake kwa makusudi. Hata hivyo desturi haidumu miaka mia kama haina kazi. Nadhani kazi yake ni hii: mtoto aandikaye maneno ya mzazi wake kwa mkono wake mwenyewe huyapitia neno kwa neno, aweza kusimama, aweza kuuliza, na karatasi ikijaa ni yake. Mzazi aambiaye huweza kumlemea mtoto. Mzazi aandikishaye hana budi kwenda kwa mwendo wa mkono wa mtoto.

Nami nikataka kutunga. Si malenga, lakini nalipata kutuma mashairi gazetini mara chache, basi nikajipa moyo. Shairi langu la kwanza lilikuwa zuri kupita kiasi. Nalisifu vilima vya Ngara, ukungu wa asubuhi, migomba, maji ya Ruvuvu yakimetameta. Nikamsomea binti yangu jioni. Alisikiliza kwa adabu, akasema, “Ni zuri, Baba,” akaondoka kwenda kuosha vyombo. Nikajua ya kuwa nimemwambia magogo mara ya pili, ila safari hii kwa vina.

La pili nikalitunga kwa hasira. Nikaweka ndani yake mto na yaliyokuwamo, njia ya Benako, kipindupindu tulichokiogopa, miti yetu iliyokatwa hata vilima vikabaki vipara. Hili sikutaka kumsomea, lakini alilikuta juu ya meza. Alikuwa amejua kusoma mapema. Akaja nalo mkononi. Nalidhani atalia. Akaniambia, “Baba, mbona hukumwandika bibi mwenye mtungi?”

Bibi huyo alikuwa jirani yetu, mjane, mtu asiye na kitu. Siku ile umati ulipopita aliweka mtungi wa maji mbele ya nyumba yake na kata moja, akawa akiwanywesha watu. Mtungi ukiisha, huenda kisimani akarudi. Alifanya hivyo tangu asubuhi hata giza lilipoingia. Mimi nalimwona. Binti yangu alimwona. Nami nalipoandika ukweli wa siku zile, nalimwacha nje, kwa kuwa nalidhani ya kuwa ukweli ni yale mabaya peke yake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu. Tumezoea kusema kana kwamba kweli ni dawa chungu na tumaini ni asali, na kazi ya mzazi ni kuchanganya, kijiko cha hiki na kijiko cha kile, kufuata umri wa mtoto. Mimi nasema sivyo. Bibi mwenye mtungi hakuwa asali. Alikuwa habari. Alitokea kweli, siku ile ile, katika njia ile ile, na mtu awezaye kusimulia siku ile bila yeye amesimulia uwongo, sawasawa na mtu awezaye kuisimulia bila ya maiti. Aliyesema magogo alificha jambo; na aliyesema maiti tupu alificha jambo pia. Mtoto alinikamata mara zote mbili.

Lakini nisiseme jambo hili kwa wepesi mno. Liko neno gumu lililobaki. Miongoni mwa watu wale waliokunywa maji ya bibi, walikuwamo waliokimbia kuuawa, walikuwamo wengi waliokimbia vita tu, na walikuwamo wauaji. Hili si uvumi. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha baadaye iliwahukumu wakubwa wa mauaji yale, na mmoja wao alipata kukaa Benako katika kambi, akila chakula cha msaada kama wengine. Basi mtungi ulimnywesha nani? Binti yangu aliniuliza swali hili alipokuwa na miaka kumi na minne, nasi tulikuwa tukipalilia maharagwe. Sikuwa na jibu zuri. Nalimwambia ya kuwa bibi hakujua, na ya kuwa hata angalijua nadhani angaliteka maji, na ya kuwa sijui kama angalifanya vema. Akafikiri, kisha akasema, “Afadhali useme hujui.” Wakati ule kambi zilikuwa zimekwisha vunjwa za Wanyarwanda, tangu Desemba 1996, ila Warundi wangali Lukole, na maswali ya namna hii yalikuwa yakipita njiani kila siku.

Nasema basi ya kuwa tumaini si ahadi. Wazazi wengi huchanganya maneno haya mawili. Humwambia mtoto, “Usiogope, hakuna baya litakalokupata.” Nani amempa mzazi uwezo wa kuahidi hivyo? Ni kama mtu auzaye shamba la jirani. Alipokwenda kusoma sekondari upande wa Bukoba, binti yangu alipita katika mapori ya Biharamulo, na siku zile wanyang’anyi walikuwa wakivamia mabasi huko, hata ikawa mabasi hayaendi ila kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki. Alipopanda basi sikumwambia ya kuwa njia ni salama. Askari alikuwa ameketi mbele yake na bunduki magotini, nani angaliniamini? Nalimwambia, basi likisimamishwa toa fedha, usibishane, lala chini. Kisha nikamwambia ya kuwa nitamngoja kituoni siku ya kurudi, tangu saa nne, hata kama basi litafika saa kumi na mbili. Hilo niliweza kuliahidi, maana lilikuwa katika uwezo wangu. Basi lilifika salama kwenda na kurudi, miaka yote. Wengine hawakupata bahati hiyo.

Shairi lile sikulimaliza kwa haraka. Nalilianza upya kwa namna ya utenzi, nikamwita binti aje na daftari, nikamtajia yeye akaandika. Ni beti chache tu, wala sioni haya kuzitoa tatu hapa, ingawa malenga watazicheka:

Nilikwambia magogo,
nawe ungali mdogo,
kweli ikawa mzigo,
nikashindwa kukwambia.

Waliopita ni watu,
wana wa jirani zetu,
sio miti ya msitu,
mto ukawachukua.

Na bibi mwenye mtungi
hakuwauliza mengi,
wenye kiu walo wengi
maji akawagawia.

Alipoandika ubeti wa kwanza hakuinua macho. Aliandika “magogo” kwa herufi zilizo wazi, kisha akangoja mstari wa pili. Nadhani hapo ndipo tulipopatana, mimi naye, ingawa hakuna aliyesema neno.

Watu wataniuliza kama nisingaliweza kumwambia mambo haya bila ya vina. Labda ningaliweza. Lakini nalijaribu mara nyingi kwa maneno ya kawaida, nikashindwa. Ama nalisema mengi mno nikamtisha, ama nalikatiza. Utenzi ulinipa kipimo. Mstari una mizani nane, na katika mizani nane mtu hawezi kujitetea. Hana nafasi ya kusema “lakini ujue ya kuwa siku zile mimi”. Hana budi aseme neno lenyewe, aende kwenye mstari unaofuata. Tena mtoto aweza kulibeba. Hotuba ya baba husahauliwa. Mambo yenye vina hukaa kichwani hata pasipo kutakwa, hukaa humo yakingoja siku yatakapohitajiwa, kama ule wimbo wa kubembelezea. Na mtu ampaye mtoto wake kitu cha kukaa miaka arobaini, huyo amekwisha kusema, bila ya kutamka, ya kuwa aitumainia miaka arobaini hiyo.

Siku hizi binti yangu ana watoto wake, naye akaa mjini Biharamulo. Mwaka huu walikuja kunizuru wakati wa likizo, tukaenda pamoja Rusumo. Daraja la zamani lingaliko, na kando yake liko lile jipya lililofunguliwa mwaka 2016, na malori hupita mchana kutwa. Hapo karibu mataifa matatu, Rwanda, Burundi na Tanzania, yamejenga kituo cha umeme wa maji ya maporomoko, cha megawati 80, wakagawana sawasawa. Mjukuu wangu wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, alipenda sana malori, akayahesabu. Kisha akatazama maji chini akauliza kama watu huvua samaki pale. Mama yake akanitazama.

Jioni tuliporudi, binti yangu akamwita mtoto mezani, akampa daftari na kalamu, akaanza kumtajia beti zile kwa moyo, polepole. Mvulana akaandika mstari wa kwanza, akasimamisha kalamu.

“Babu,” akaniuliza, “ulimdanganya mama?”

Nikamwambia, “Ndiyo.”

Akanitazama kidogo, kisha akainama juu ya daftari, akamwambia mama yake, “Haya, endelea.”